Mzee Akinyamaza Kazini: Tuufahamu Ugonjwa wa Sonona



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mishahara, likizo na ajali za mashine. Leo tutaeleza habari za ugonjwa usiotoa damu wala usaha, lakini unaowaondoa kazini wenzetu wengi wenye umri mkubwa, na wengine unawaondoa duniani kabla ya siku zao. Ugonjwa huu unaitwa sonona. Wengine wanauita ugonjwa wa huzuni, na wengine husema tu kwamba mtu ana mawazo mengi.

Hapa New Site, na katika mitaa mingine ya Juba, mfanyakazi aliyepita miaka hamsini akianza kufanya kazi pole pole, akanyamaza, akakosa kazini siku moja au mbili, watu humsema kwa maneno matatu. Wa kwanza atasema, "Huyu ni mvivu." Wa pili atasema, "Huyu amezeeka." Wa tatu atasema, "Huyu amerogwa." Maneno yote matatu humfikisha mahali pamoja, yaani nje ya lango, na barua yake mkononi. Ni nadra kumsikia mtu wa nne akisema, "Huyu ni mgonjwa." Neno hilo la nne ndilo tunalotaka kila tawi lilijue. Mgonjwa hutibiwa, na sonona inatibika hata mtu akiwa na miaka sabini.

HUZUNI NA SONONA SI KITU KIMOJA

Kila binadamu huhuzunika. Mtu akifiwa hulia, hukosa hamu ya chakula, hukaa kimya. Siku zikipita, ingawa kidonda bado kipo, huanza tena kucheka na wajukuu, kuuliza bei ya unga, na kubishana habari za mpira. Huzuni hiyo si ugonjwa, wala haihitaji dawa. Inahitaji majirani.

Sonona ni pale huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, inapomshika mtu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, mpaka kazi yake, usingizi wake, chakula chake na maelewano ya nyumbani vikaharibika. Aliyekuwa akipenda kanisa haendi tena. Aliyekuwa akipenda bustani yake anaiacha majani yaimeze. Ukimwambia "jikaze" hawezi kujikaza, kama vile mwenye malaria hawezi kuacha kutetemeka kwa kuambiwa aache. Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na figo, nao huugua.

Tena tukumbuke ya kwamba uzee wenyewe si ugonjwa wa akili. Wazee wengi ni wachangamfu na wenye busara mpaka mwisho wao. Kwa hiyo mzee akibadilika tabia, tusiseme, "Ndio uzee." Tuulize kuna nini.

KWA NINI UNAWASHIKA WAZEE WETU

Chukueni mfanyakazi aliyezaliwa hapa mwaka 1958. Alizaliwa vita vya kwanza vikiwa vimeanza tangu 1955, na vilipokwisha mwaka 1972 alikuwa na miaka 14. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1983 alikuwa kijana wa miaka 25. Huenda alikimbilia Uganda, au Kongo, au alikaa kambi ya Kakuma kule Kenya iliyofunguliwa mwaka 1992. Amani ilipotiwa sahihi mwaka 2005 alikuwa na miaka 47. Aliona uhuru mwaka 2011 akiwa na miaka 53, na miaka miwili baadaye, Desemba 2013, risasi zikalia tena. Julai 2016 zikalia hapa hapa mjini. Mtu huyu amezika wangapi? Amejenga nyumba mara ngapi na kuziacha mara ngapi? Aghalabu hakupata siku ya kukaa na kulia, kwa sababu palikuwa na watoto wa kulisha.

Haya si maneno ya kukisia. Mwezi wa Novemba 2007 watafiti waliwahoji watu wazima 1,242 katika mji wa Juba. Nusu yao walikuwa na dalili za sonona, na 36 katika kila 100 walikuwa na dalili za ugonjwa wa kiwewe unaoachwa na vita. Hesabu hiyo ilifanywa kabla ya vita vya 2013 na mapigano ya 2016.

Sababu ya pili ni mwili. Shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, upungufu wa damu, maumivu ya mgongo na magoti yasiyokwisha, yote haya huongeza sonona. Mtoto wa jicho akimziba mzee macho, anaacha kutembea kwa majirani. Tena liko jambo linalotuhusu sana sisi wa viwandani. Kelele za mashine kwa miaka ishirini huua masikio. Asiyesikia huchoka kuuliza "unasemaje?", mwishowe hujitenga na mazungumzo, na upweke ule ndio mlango wa ugonjwa. Kwa hiyo tunapodai vizibo vya masikio kiwandani, tunalinda pia akili ya mfanyakazi atakapozeeka.

Sababu ya tatu ni kubadilika kwa nafasi ya mtu. Wengi mnaosoma kurasa hizi mmefanya kazi katika chai ya Kericho, au miwa ya Kakira na Lugazi, au mmetoka Kenya, Uganda na Kongo kuja kutafuta riziki Juba. Mnajua mtu anavyojijua kwa kazi yake: huyu dereva, huyu fundi, huyu mkata miwa hodari. Siku nguvu zinapopungua, au kazi inapokwisha, au mshahara unapokuwa hautoshi hata gunia la unga, mzee aliyekuwa akitoa anaanza kupewa. Kwa watu wengi jambo hili huuma kuliko njaa yenyewe.

Sababu ya nne ni pombe. Wapo wanaokunywa siko au waragi ili walale. Pombe huleta usingizi wa saa mbili, kisha huharibu usiku uliobaki, na asubuhi huzuni huwa kubwa kuliko jana.

DALILI ZAKE

Dalili ya mvua ni mawingu. Kijana mwenye sonona huenda akasema, "Nina huzuni." Mzee mara nyingi hasemi hivyo. Atasema, "Mgongo unaniuma," au "Tumbo linawaka," au "Mwili hauna nguvu." Atapimwa malaria na typhoid mara tano na asionekane na kitu. Basi, mwangalieni kwa mambo haya:

1. Usingizi. Analala kidogo, anaamka saa tisa ya usiku na halali tena. Au analala mchana kutwa.

2. Chakula. Hamu imepungua, na nguo zinaanza kumpwaya.

3. Hamu ya mambo. Kilichomfurahisha zamani hakimfurahishi.

4. Kujitenga. Anakula peke yake, haji mkutanoni, haendi msibani.

5. Kusahau na kukosa makini. Anaulizwa jambo, anajibu baada ya muda mrefu. Hesabu iliyokuwa rahisi inamshinda.

6. Hasira ndogo ndogo. Mtu mpole anawaka kwa neno dogo. Hasa kwa wanaume huzuni huvaa nguo za hasira.

7. Kujilaumu. Anasema yeye ni mzigo, hana faida, wenzake wangekuwa heri bila yeye.

8. Kutamani kufa. Anagawa vitu vyake, anaaga kwa maneno yasiyo ya kawaida, au anasema wazi kwamba amechoka kuishi.

Dalili moja peke yake haitoshi. Nyingi zikikaa pamoja kwa wiki mbili, mzee apelekwe hospitali. Lakini dalili ya saba ikiambatana na ya nane, au ya nane ikiwa peke yake, msingoje wiki mbili. Mpelekeni siku ile ile, na mtu asimwache peke yake.

Wengine huogopa kumwuliza mzee kama anafikiria kujiua, wakidhani watampa wazo hilo. Sivyo. Kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Mwambie, "Mzee wangu, je, umefika mahali pa kuona heri usingekuwapo?" Kisha nyamaza umsikilize. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 zaidi ya robo ya watu wote waliokufa kwa kujiua duniani walikuwa wenye miaka 60 na zaidi. Kwa hiyo mzee akisema maneno hayo, asichukuliwe kuwa anatafuta huruma.

MAGONJWA MATATU YANAYOFANANA

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

La kwanza ni sonona tuliyoieleza. Huja kwa muda wa wiki au miezi. Mgonjwa mwenyewe hulalamika kwamba akili yake imechoka. Ukimwuliza swali hujibu, "Sijui."

La pili ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Huu huja pole pole kwa miaka. Mgonjwa anasahau yaliyotokea leo asubuhi, lakini ya utotoni anayakumbuka. Anapotea njia ya nyumbani. Anarudia swali moja mara kumi. Yeye mwenyewe aghalabu hajui kwamba anasahau, na husema watu wamemwibia vitu vyake. Ugonjwa huu bado hauna dawa ya kuuponya, lakini mgonjwa akitunzwa kwa utulivu, kwa ratiba ile ile kila siku na bila kukaripiwa, huishi kwa heshima. Wamama wengi wazee wametukanwa kuwa wachawi kwa ajili ya ugonjwa huu tu.

La tatu ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Jana mzee alikuwa mzima, leo hajui yuko wapi, anaona watu wasiokuwapo, usiku anapiga kelele, mara amelala huwezi kumwamsha vizuri. Hii ni hatari ya mwili. Inaweza kuwa malaria kali, homa ya mapafu, ugonjwa wa njia ya mkojo, kupungukiwa na maji, sukari kushuka au kupanda, au dawa alizomeza. Mzee wa namna hii asipelekwe kwa maombi wala kwa mganga wa kienyeji kwanza. Apelekwe hospitali mbio, maana saa chache zaweza kumwua.

Mtu mmoja aweza kuwa na mawili pamoja. Kuyatenganisha ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kumweleza daktari yalianza lini na yalianzaje, kwa sababu sisi ndio tunaoshinda na mzee.

HABARI YA MWENZETU MMOJA

Nitaeleza habari ya mpakiaji mmoja wa ghala hapa Juba, bila kumtaja yeye wala ghala. Umri wake ni miaka 59. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo wakati wa kupakua magunia. Mkewe alifariki. Baada ya miezi michache akaacha kuimba, kisha akaacha kula na wenzake, akawa anakaa nyuma ya lori peke yake. Alilalamika mgongo, na kila wiki alinunua vidonge vya maumivu. Msimamizi akamwandikia onyo la uvivu mara mbili. Barua ya tatu ingekuwa ya kumfukuza.

Mwakilishi wa tawi alikwenda akaketi naye pale nyuma ya lori. Hakumwuliza habari ya kazi. Alimwuliza, "Mzee, unalala?" Mzee akajibu kwamba tangu msiba hajapata usiku mmoja mzima, na kwamba anapolala huomba asubuhi isifike. Siku ile ile tulimpeleka hospitali. Walimpima wakakuta shinikizo la damu liko juu na damu yake ni pungufu. Wakasema pia ana sonona. Alianza matibabu ya yote matatu.

Tawi likaenda kwa mwajiri na karatasi ya daktari. Tukaomba maonyo mawili yafutwe na mzee apewe kazi nyepesi. Mwajiri alikubali kumweka langoni ahesabu magunia, lakini akataka kupunguza mshahara. Mazungumzo yalichukua wiki tatu. Mwishowe maonyo yalifutwa na mshahara wa msingi ukabaki. Malipo ya ziada ya kupakia yakaondoka. Hatukupata yote tuliyoyataka. Baada ya kama miezi miwili usingizi wake ulirudi, na hamu ya chakula. Wimbo bado hajauanzisha, lakini anakula tena na wenzake.

MATIBABU

Matibabu ya sonona yana sehemu nne, nazo hushikana.

Sehemu ya kwanza ni kupimwa mwili. Presha, sukari, wingi wa damu, macho, masikio, na tezi ya shingo ikiwezekana, vyote viangaliwe. Mwonyesheni daktari kila dawa ambayo mzee anameza, hata za miti shamba. Nyingine zenyewe huleta unyonge.

Sehemu ya pili ni mazungumzo yenye mpango. Baadhi yenu mtacheka mkisema maneno hayatibu. Basi sikilizeni. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai kule Uganda, watafiti walichukua vijiji 30. Katika baadhi ya vijiji, watu wazima wenye sonona waliwekwa katika makundi madogo, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Kila kundi liliongozwa na mwenyeji wa kawaida, si daktari, aliyefundishwa kwa muda mfupi. Walikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16. Walizungumza habari za kufiwa, za ugomvi na watu wa karibu, na za kubadilika kwa maisha ya mtu, wakasaidiana kutafuta la kufanya. Mwisho wa wiki hizo, katika makundi yale waliobaki na sonona walikuwa kama 6 au 7 tu katika kila 100. Katika vijiji ambavyo havikupata makundi walikuwa 55 katika kila 100. Hawakutumia dawa ya bei kubwa wala mashine. Walitumia mkeka, kivuli na kiongozi aliyefundishwa.

Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mjini Harare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mengi. Bibi humsikiliza mgonjwa mpaka mwisho, kisha humsaidia achague tatizo moja tu na hatua moja anayoiweza, halafu hurudi kumwuliza imekuwaje. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Tuangalie vizuri hapo: waliotibu walikuwa wazee. Mzee wetu hana kazi ya kuhurumiwa tu. Akipewa nafasi, yeye mwenyewe ni dawa ya wengine.

Sehemu ya tatu ni shughuli. Mwili uliolala huilaza akili. Mzee atembee kila siku hata kama ni mpaka kisimani na kurudi, apate jua la asubuhi, apewe kazi ndogo yenye faida: kufundisha vijana ufundi, kuangalia vifaa, kusuluhisha ugomvi. Aanze kidogo. Asingoje hamu ije ndipo aanze, kwa sababu katika ugonjwa huu hamu huja nyuma ya kazi.

Sehemu ya nne ni dawa. Si kila mgonjwa huzihitaji, ila sonona ikiwa kali daktari huziandika. Mbili zinazojulikana sana katika hospitali za nchi zetu ni fluoksetini na amitriptilini. Kwa wazee yafaa kujua mambo haya:

Dawa hizi hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki nne mpaka sita, na kwa mzee pengine zaidi. Wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazifai.

Mzee huanzishiwa kiasi kidogo na kuongezewa pole pole. Amitriptilini hasa yaweza kumletea mzee kizunguzungu, kuanguka, kufunga mkojo, kuchanganyikiwa, au matatizo ya moyo. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huikwepa kwa wenye umri mkubwa. Vidonge vyake vikimezwa vingi kwa pamoja huua, basi avitunze mtu mwingine wa nyumbani.

Fluoksetini ikichanganywa na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini yaweza kuleta kutoka damu tumboni. Ikichanganywa na tramadoli yaweza kuleta hatari kubwa. Wapakiaji na wakata miwa humeza dawa hizi kama karanga, kwa hiyo mwambieni daktari.

Akipata nafuu asiache dawa. Kwa kawaida huendelea miezi tisa mpaka kumi na miwili baada ya kupona, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa shauri la daktari.

Diazepamu inayouzwa madukani ili watu walale si dawa ya sonona. Kwa mzee huleta kuanguka, kuvunjika nyonga, na mazoea mabaya.

MAHALI PA KWENDA

Tuseme kweli, hospitali zetu hazitoshi. Mwaka 2016, shirika la Amnesty International lilipochunguza, Sudan Kusini nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili, na wadi ya Hospitali ya Mafunzo ya Juba ilikuwa na vitanda 12. Dawa hukatika mara kwa mara. Hata hivyo idara hiyo ndiyo mahali pa kwanza pa kwenda. Kwa ugonjwa usio mkali, mwanzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Uchunguzi ule ule ulikuta mwezi wa Mei 2016 watu 82 walioandikwa kuwa wagonjwa wa akili wakiwa ndani ya Gereza Kuu la Juba, wanaume 66 na wanawake 16. Zaidi ya nusu yao hawakuwa na faili la kosa lolote. Waliwekwa humo kwa sababu jamaa walishindwa nao, au kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Mgonjwa wa homa hafungwi jela. Wa akili pia asifungwe.

Kuhusu makanisa, misikiti na wazee wa mila, chama hakigombani na mtu. Maombi na mila huwafariji wengi, na kule kukaa na watu ni sehemu ya dawa. Bali mgonjwa asifungwe minyororo, asipigwe, asinyimwe chakula, wala asizuiwe kumeza dawa za hospitali.

Tuache pia mizaha. Wa kutoka Kenya hutukanana kwa jina la Mathari, wa Uganda kwa Butabika, wa Tanzania kwa Mirembe. Hizo ni hospitali, na watu hutoka humo wamepona. Anayecheka jina la hospitali leo, kesho mama yake atakapougua ataona aibu kumpeleka. Mficha maradhi kifo humuumbua.

WAJIBU WA TAWI

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kifua cha kutunza siri, wawe wa kuendewa. Habari ya mgonjwa isitangazwe mkutanoni.

Pili, mfanyakazi mwenye umri mkubwa asiandikiwe onyo la uvivu kabla ya kupimwa na daktari. Mwakilishi adai jambo hili liandikwe katika mapatano na mwajiri.

Tatu, tujue silaha tuliyo nayo. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1980 Pendekezo Nambari 162 juu ya wafanyakazi wenye umri mkubwa. Linashauri kazi ilinganishwe na nguvu za mfanyakazi, mwendo wa kazi unaomchosha urekebishwe, na waliofanya zamu kwa miaka mingi wasaidiwe kupata kazi za mchana. Pendekezo si sheria ya kumshtaki mwajiri, lakini mezani ni hoja nzito. Walinzi wa usiku na wafanyakazi wa zamu walitumie.

Nne, walio mashambani wahakikishe sumu za wadudu na za magugu zimefungwa kwa kufuli, na mtu asiende nazo nyumbani. Wengi hufikia kujiua katika saa moja ya giza, na sumu iliyo karibu ndiyo inayotumika. Ikiwa mbali, ile saa hupita, na mtu hubaki hai.

Tano, mtu akistaafu asifutwe katika daftari la urafiki. Tawi limwalike mkutanoni, limpe vijana wa kufundisha, limtembelee angalau mara moja kwa mwezi.

Sita, tawi lianze kundi la mazungumzo kila wiki, baada ya kazi. Hata watu sita wanatosha. Viongozi wa matawi wanaotaka kujifunza namna ya kuliongoza walete majina yao katika ofisi ya chama, ili tuombe mafunzo kwa wauguzi wa hospitali.

Ndugu zangu, wazee hawa ndio walioanza kudai kabla yetu, wengine wakiwa uhamishoni, bila chama wala kadi. Kesho ukifika kazini, mtazame yule anayekula peke yake. Nenda ukaketi naye, umsalimu kwa heshima yake, kisha umwulize kama amelala.